Siku moja ikipotea njiani, faida ya Sabasaba huyeyuka

KILA ifikapo mwishoni mwa Juni, wajasiriamali wa Zanzibar hufunga mizigo kwenda Dar es Salaam kwenye Maonesho ya Biashara ya Kimataifa, maarufu kama Sabasaba. Kwa kikundi cha Vitongoji, kisiwani Pemba, safari huanza karibu na nyumbani, kwani kiwanja cha ndege kipo Wawi, mwendo mfupi kwa gari. Tatizo huanza pale ndege inapokawia.

Ndege nyingi zinazotua Pemba ni ndogo, za abiria wapatao 12. Ndege moja inaweza kuzunguka Dar es Salaam, Unguja, Pemba na pengine Tanga kwa siku moja. Mvua ikizuia kuruka asubuhi Dar es Salaam, ucheleweshaji huo hufuata ndege kituo hadi kituo, na abiria wa Wawi hukaa akitazama anga jeupe bila kuelewa kinachosubiriwa.

Hesabu yake ni hii. Chukulia kikundi kimemtuma mwenzao mmoja na mafuta ya mwani, sabuni, viungo na mikeka ya ukili. Siku nne za maonesho zinatarajiwa kukiachia Sh 800,000 baada ya kutoa gharama ya bidhaa, yaani Sh 200,000 kwa siku. Nauli ya kwenda na kurudi pamoja na usafirishaji wa mzigo ni Sh 480,000. Malazi na chakula ni Sh 40,000 kwa siku, jumla Sh 160,000. Faida inayobaki ni Sh 160,000.

Sasa ndege ichelewe, akose ile ya kuunganisha na alale Unguja. Mauzo ya siku moja yamekwenda, na faida imegeuka hasara ya Sh 40,000. Akilipa chumba Unguja Sh 25,000, huku kile cha Dar es Salaam kikiwa kimekwishalipiwa, hasara inafika Sh 65,000. Hakuna aliyeiba wala bidhaa iliyooza. Ni siku moja tu.

Kinga yake ni kuondoka siku moja kabla. Siku hiyo ya akiba hugharimu Sh 40,000, wakati kuikosa kumekula Sh 225,000. Wahenga walisema mipango si matumizi, lakini matumizi yasiyo na mpango ndiyo humaliza mtaji.

Jambo la pili ni tiketi. Anayenunua tiketi mbili kwa kampuni mbili tofauti ajue kuwa kampuni ya pili haiwajibiki kumsubiri. Ni salama zaidi kukata tiketi moja hadi mwisho wa safari, na kuitunza pamoja na risiti. Mwenye malalamiko anaweza kuyafikisha kwenye Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Aidha, mzigo unaoruhusiwa kwenye ndege ndogo mara nyingi ni kilo 15 tu, hivyo bidhaa nzito zitangulie kwa meli kupitia Mkoani. Karafuu kavu zisiwemo kabisa. Mnunuzi wake kisheria ni Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC), lililoanzishwa mwaka 1968, na kuzitoa nje kinyume cha utaratibu ni magendo.

Wapo wanaochagua kusafiri kwa meli ili kupunguza gharama, na huo ni uamuzi mzuri. Lakini Juni na Julai ni msimu wa kusi, na mkondo wa Nungwi huwa mkali. Mwenye haraka asikubali kupanda chombo kilichojaa kupita kiasi. MV Spice Islander I ilizama Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba, ikiwa imepakia abiria kupita uwezo wake. Siku ya akiba humpa msafiri nafasi ya kusema "nitasubiri chombo kingine".

Kuhusu malazi, wakati wa Sabasaba gesti za Temeke, Kurasini na Kariakoo hujaa haraka. Chumba kilichoahidiwa kwa mdomo hupewa aliyetangulia kufika na fedha mkononi. Ni vyema kutuma malipo ya awali kwa simu, kutunza ujumbe wa uthibitisho na kutaja jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, kwani kina Khamis Juma ni wengi na chumba kinaweza kwenda kwa mwingine. Ndege ikichelewa, piga simu gesti kabla ya jioni.

Na ikiwa kila kitu kimekwenda sawa, siku ya akiba si ya kulala. Ni ya kuutembea mji kwa macho ya mfanyabiashara. Kariakoo, eneo ambalo soko lake kuu lilibuniwa na msanifu majengo Beda Amuli na kuungua Julai 10, 2021, bado lina mitaa iliyojaa maduka ya jumla ya chupa, lebo na mifuko ya kufungashia. Sabuni ya Pemba inaweza kuwa nzuri na bado ikapitwa na nyingine kwa sababu ya karatasi iliyoifunga. Tazama bei, uliza ujazo, chukua namba za simu za wauzaji. Ukipata saa moja ya ziada, Jumba la Makumbusho lililopo Mtaa wa Shaaban Robert linatosha kuituliza akili kabla ya kazi.

Kikundi kinachojiandaa kwenda Sabasaba ijayo kikae mapema na kuandika mstari mmoja zaidi kwenye bajeti: siku ya akiba, Sh 40,000. Isipotumika kwa dharura, itarudi kijijini ikiwa na bei za Kariakoo.