Kushusha Tarehe hadi Mwanzo wa Kipindi katika Majedwali ya Data

Kushusha tarehe ni kuiondolea sehemu ndogo za wakati ili ubaki mwanzo wa kipindi kikubwa zaidi. Tarehe 17 Machi 2024 ikishushwa hadi mwezi huwa tarehe 1 Machi 2024. Tofauti na ukadiriaji wa kawaida wa namba, hata tarehe 31 Machi haipandi kwenda Aprili. Utaratibu huu huwezesha matukio ya kipindi kimoja kuhesabiwa pamoja.

Hata hivyo, matokeo yake hutegemea ukanda wa saa unaotumika. Mathalani, mtoto akizaliwa Dodoma saa 8 usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2024, jedwali linalotumia saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Tanzania kwa saa 3, litaonyesha saa 5 usiku wa tarehe 31 Desemba 2023. Tarehe hiyo ikishushwa hadi mwaka kabla ya saa kugeuzwa, mtoto huyo atahesabiwa miongoni mwa waliozaliwa mwaka 2023.

Kwa hiyo, inapasa saa zigeuzwe kwanza, ndipo tarehe ishushwe. Aidha, matokeo yawekwe katika safuwima mpya, kwa kuwa siku na saa zilizoondolewa haziwezi kupatikana tena kutokana na tarehe iliyoshushwa.