Dawa ya magugu isipofanya kazi, chunguza maji na kipimo

Na Mwandishi Wetu

MVUA za Novemba zinapoanza kunyesha Itetemia na sehemu nyingine za Tabora, mkulima wa tumbaku na mahindi huandamwa na kazi mbili kwa wakati mmoja. Miche ya tumbaku inataka kuhamishiwa shambani, na mahindi nayo yanataka palizi. Mahindi hayangoji: yakisongwa na magugu katika wiki sita za mwanzo, mavuno hupungua hata kama shamba litasafishwa baadaye.

Ndiyo sababu viuagugu vimepata wateja wengi. Hata hivyo, si ajabu kumsikia mkulima akilalamika kwamba amenyunyiza na nyasi hazikufa, naye humshuku muuza duka. Dawa bandia zipo, na ni vyema kununua tu ile iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Lakini dawa halali nayo huweza kuharibiwa ndani ya bomba la mgongoni na mtumiaji mwenyewe.

Tuchukue glaifoseti, ambayo hunyunyizwa kabla mahindi hayajachomoza. Dawa hii hushikamana na udongo wa mfinyanzi kwa nguvu kiasi cha kupoteza makali yake. Tabia hiyo huiokoa mbegu iliyofukiwa, lakini humwadhibu anayechota maji ya tope lamboni, kwani tope huinasa dawa kabla haijalifikia jani. Maji ya kisima nayo huweza kuwa maangavu lakini magumu, yaani yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi. Dalili yake ni sabuni kukataa kutoa povu. Madini hayo huifunga dawa, na jani hushindwa kuifyonza.

Maji yafaayo zaidi ni ya mvua yaliyokingwa kwenye paa la bati, na msimu wenyewe huyaleta bure. Ikiwa hapana budi kutumia maji magumu, mbolea ya SA huyeyushwa kwanza, kiasi cha gramu 320 kwa bomba la lita 16, ikachujwa kwa kitambaa, ndipo dawa itiwe. Jani nalo liwe bichi, lisilo na vumbi wala mnyauko, na mvua isinyeshe kwa saa sita hivi baada ya kunyunyiza.

Atrazini ina tabia nyingine. Hii hufyonzwa zaidi na mizizi, hivyo huhitaji ardhi yenye unyevu. Ikinyunyizwa juu ya udongo mkavu hukaa bila kazi. Katika ardhi ya kichanga, ambayo ni nyingi Tabora, mvua kubwa huiteremsha chini kuelekea maji ya visima. Umoja wa Ulaya uliamua kuiondoa sokoni mwaka 2004 kwa hofu hiyo hiyo. Tena masalio yake huweza kudhuru tumbaku au maharage yatakayopandwa baadaye. Anayeongeza kifuniko kimoja "kwa usalama" hujitafutia hasara.

Kipimo hakipatikani kwa kukisia. Pima eneo la mita 10 kwa 10, linyunyize maji matupu kwa mwendo wako wa kawaida, kisha angalia yametumika kiasi gani. Yakiwa lita 2, ekari moja itahitaji takriban lita 80, sawa na mabomba matano ya lita 16. Lebo ikielekeza lita 1.5 za dawa kwa ekari, kila bomba hupata mililita 300. Hesabu hii huchukua nusu saa, na wengi huiruka.

Liko gugu moja lisilojali bomba hata likitumiwa kwa ustadi: kiduha. Mmea huu hujiunga na mizizi ya mhindi na kuunyonya ukiwa bado chini ya ardhi, na uonekanapo juu madhara yamekwisha kutokea. Dawa hapa yafaa ianze kwenye mbegu yenyewe. Mwaka 2005 Kenya ilitoa mahindi yanayostahimili imazapiri, ambayo mbegu zake hupakwa dawa hiyo ili iue kiduha kinapojaribu kujishikiza mizizini. Anayepanda mbegu za namna hiyo anapaswa kunawa mikono kabla ya kugusa mbegu za maharage, kwani imazapiri huziua pia.