Nauli Imefutwa, Barabara Imejaa

Ardhi ya kisiwa haiongezeki; barabara zake zikishajaa, hapana pa kukimbilia. Ukweli huu unadhihirika Malta, nchi ya visiwa katika Bahari ya Mediterania, yenye kilomita za mraba 316 tu na wakazi zaidi ya nusu milioni.

Mwaka 1883 Malta ilifungua reli kutoka Valletta hadi Mdina. Mabasi yalipokuja abiria walihama, na mwaka 1931 reli ikafungwa. Tangu hapo mzigo wote wa nchi kavu umebebwa na barabara, na magari yaliyosajiliwa yamekwisha kupita 400,000.

Tarehe 1 Oktoba 2022 Serikali iliwafutia wakazi wenye kadi ya abiria nauli ya basi. Hatua hiyo ni ya haki, nasi tunaiunga mkono, maana mnyonge amepunguziwa gharama. Hata hivyo, basi la bure hukwama katika msongamano uleule linamokwama gari la tajiri.

Nafuu imetafutwa baharini. Feri huvusha watu na magari kati ya Ċirkewwa na Mġarr, bandari ya kisiwa cha Gozo. Na tangu 2021 boti za kasi huwachukua abiria kutoka Gozo moja kwa moja hadi Valletta.

Sisi tulio visiwani, na hasa viongozi waliokabidhiwa mipango, tulizingatie hili: kufuta nauli ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kulipa basi njia yake na chombo gati lake, mapema, kabla magari ya watu binafsi hayajaimaliza ardhi.