Haki za Mnunuzi, Sehemu ya Tatu: Moto Haukuli Dhahabu

«Mama, moto umekula kidogo.» Mteja amepeleka mkufu wa gramu 10 ufungwe palipokatika, amerudishiwa wa gramu 8, na hilo ndilo jibu. Kwa kuwa hajui dhahabu inafanya nini motoni, ananyamaza, analipa kazi ya fundi na kwenda zake akinung'unika. Katika sehemu mbili zilizopita tulizungumzia mafundi wa simu na wa pikipiki. Kwa sonara mambo ni magumu zaidi, maana kitu chenyewe kinaenea kiganjani, bei yake ni ya mbuzi kadhaa, na kilichopungua hakionekani kwa macho.

Tuanze na huo moto. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 za sentigredi, na ili igeuke mvuke inahitaji nyuzi zaidi ya 2,800. Moto wa fundi wa kawaida hauifikishi huko. Pete au mkufu wa zamani ukiyeyushwa, dhahabu yake yote inabaki chunguni. Kuna hali moja tu ambapo fundi anasema kweli: dhahabu mbichi ya machimboni. Ile inayotoka Walikale, Omate na kwingineko, huja na mchanga, chembe za chuma, na mara nyingi zebaki ambayo wachimbaji huitumia kuikusanya. Zebaki hiyo ndiyo inayopaa ikipata joto (tena ni sumu, watoto wasikae karibu). Mchimbaji aliyeleta gramu 10 za namna hiyo asishangae akipata pungufu. Lakini mama aliyeleta mkufu wa harusi yake hakuleta mchanga.

Upungufu mwingine wa kweli ni ule wa tupa na wa kung'arisha. Fundi akisugua, unga unaanguka, na sonara anayejua kazi huweka ngozi au droo chini ya meza yake kuukinga. Unga ule ni dhahabu, na dhahabu ni ya mteja mpaka wapatane vinginevyo. Vivyo hivyo vipande vinavyobaki mkufu unapofupishwa. Mafundi wengi huvihesabu kuwa vyao kwa mazoea, na wateja wengi hawaviulizi. Mimi naona mazoea hayo hayana ubaya yakisemwa mapema: «Mabaki nitayachukua, na kazi nitakupunguzia.» Ubaya uko kwenye kunyamaza.

Kuna jambo baya kuliko upungufu wa uzito, nalo ni uzito kurudi sawasawa. Chukua pete ya gramu 8 ya karati 18. Ndani yake mna gramu 6 za dhahabu safi, zilizobaki ni shaba na fedha. Fundi mwovu akiiyeyusha, akatoa sehemu yenye gramu 2 za dhahabu safi na kutia shaba ya uzito wa sehemu hiyo, mizani itasoma 8 vilevile, ila pete imeshuka hadi karati 12. Akiigonga tena muhuri wa 750, ule wa karati 18, nani atajua? Kwa hiyo anayetaka pete ipanuliwe au ipunguzwe aanze kwa kuuliza kama kuna haja ya kuiyeyusha. Kwa kawaida haipo. Pete hukatwa, hutiwa au hutolewa kipande, kisha huungwa. Fundi anayesema lazima aiyeyushe yote atoe sababu, tena mbele yako.

Mwenye mizani ndogo ya kielektroniki, kama zile za wanunuzi wa madini, anaweza kujipimia mwenyewe. Pima pete kwanza. Kisha weka glasi yenye maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, funga pete kwa uzi na uizamishe bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itasoma namba ndogo. Gawanya uzito wa pete kwa namba hiyo. Pete ya gramu 8 ya karati 18 itasoma karibu 0.5, na jibu litakuwa kwenye 15 au zaidi kidogo. Pete ya shaba nyeupe iliyopakwa dhahabu itasoma zaidi ya 0.9, na jibu ni kama 8.5. Dhahabu safi ni 19.3. Kipimo hiki hudanganya kwa mkufu wenye uwazi ndani na kwa pete yenye jiwe, lakini kwa pete nzima ya ndoa kinatosha kukuonyesha kama kuna la kuuliza. Na kabla ya maji, soma muhuri wenyewe: 750 ni karati 18, 585 ni 14, 375 ni 9, na 925 ni fedha. Ukikuta herufi GP nyuma ya 18K, ujue dhahabu imepakwa juu tu.

Sasa sheria. Huku Kongo haki za mnunuzi hazikukusanywa mahali pamoja, zimetawanyika. Sheria za OHADA, yaani sheria za biashara zinazotumiwa kwa pamoja na nchi kadhaa za Afrika, ambazo nchi yetu imezifuata tangu Septemba 2012, zinatawala mauzo kati ya mfanyabiashara na mfanyabiashara. Wewe unayenunua pete ya kumvisha mchumba wako unarudi kwenye kitabu cha zamani, ile dikri ya 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo bado inafanya kazi. Humo muuzaji anadaiwa kasoro zilizofichika: kama kitu hakifai kwa kazi yake, au usingekinunua kwa bei ile ungejua ukweli, unaweza kukirudisha na kupewa pesa zako, au kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Sharti ni usikawie kudai. Lile bango la «kilichouzwa hakirudi» linafaa kwa mtu aliyebadilisha mawazo yake tu. Sonara aliyejua kwamba ni shaba haliwezi kumkinga.

Tena hapo tumeshavuka kutoka kwenye deni kuingia kwenye kosa. Sheria ya makosa ya jinai ya 30 Januari 1940 inamwadhibu anayemdanganya mnunuzi juu ya kitu alichomuuzia, kilivyo au kilikotoka. Na kifungu chake cha 95 kinamhusu fundi kwa namna ya pekee: aliyekabidhiwa kitu ili akirudishe au akifanyie kazi fulani, naye akakiuza au akakila kwa hila, anaweza kufungwa miezi mitatu hadi miaka mitano. Lakini tusichanganye. Fundi aliyechelewa, au aliyeharibu kazi kwa kutojua, ana deni kwako na hana jinai. Wapo wanaokimbilia kwa OPJ, yaani ofisa wa polisi wa upelelezi, ili fundi alazwe ndani mpaka ndugu zake walipe. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1976, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Zaidi ya hayo, pesa inayotolewa kwenye kituo cha polisi mara nyingi haimfikii mwenye pete.

Swali zito kwa watu wa Kitshanga, hata hivyo, ni la vita. Mji huu, mwendo wa kilomita themanini na kitu kutoka Goma, uliungua sehemu kubwa kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi 2013, jeshi la serikali na wanamgambo wa APCLS walipopigana katikati ya nyumba za watu. Tarehe 26 Januari 2023 waasi wa M23 waliuteka, na watu wakakimbia tena. Kila mara mafundi hukimbia na vitu vya watu, au hukimbia wakaviacha. Mteja anaporudi kutoka kambi ya wakimbizi akaambiwa «vyote viliporwa», hasara ni ya nani?

Sheria inauliza kwanza: dhahabu ilikuwa ya nani? Kama uliagiza pete na sonara ndiye aliyetia dhahabu yake, hasara ni yake mpaka siku ya kukukabidhi, na avansi uliyotoa akurudishie. Kama dhahabu ilikuwa yako na yeye alitoa kazi tu, basi ikipotea bila kosa lake wewe umepoteza dhahabu, naye amepoteza ujira. Hawezi kukudai hata franka moja ya kazi aliyokwisha kuifanya. Lakini kusema «iliporwa» hakutoshi, maana ni juu yake kuonyesha kwamba ilitoka kwa nguvu asiyoiweza. Majirani wanajua kibanda kipi kilivunjwa. Wanajua pia nani alitoka na begi lake mgongoni, na nani alionekana mjini Sake wiki iliyofuata akiuza mikufu. Aliyeokoa dhahabu yake na kuacha ya wateja ana la kujibu. Na jambo moja ambalo wengi hawalijui: fundi aliyepitisha siku ya ahadi, ukamwonya kwa barua mbele ya shahidi naye akazidi kuchelewa, ameibeba hatari mwenyewe. Risasi zikija baada ya onyo hilo, kisingizio cha vita kinamponyoka, isipokuwa aonyeshe kwamba hata kwako pete ingepotea vilevile.

Haya yote yanadai karatasi. Tribinali iko mbali, barabara hufungwa, na Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwezi Januari 2025 hata mahakama za huko zilisimama. Katika hali hiyo kesi nyingi huishia kwa nyumbakumi, kwa shefu wa kartie au kwa wazee wa kanisa. Sioni aibu katika hilo. Mzee mwenye akili akiwa na karatasi mbele yake huamua kwa siku moja jambo ambalo tribinali ingelikawiza mwaka. Asipokuwa na karatasi, anaamua kwa sura na kwa ukoo, na mgeni au mkimbizi hushindwa.

Karatasi yenyewe haihitaji wakili. Siku ya kukabidhi, kitu kipimwe mbele ya wote wawili, kwa mizani ya gramu, si kwa sarafu wala vijiti vya kiberiti kama machimboni. Iandikwe: ni kitu gani, uzito, muhuri uliomo, mawe yaliyomo na rangi yake, kazi itakayofanywa, bei, avansi, siku ya kuchukua, mabaki ni ya nani. Ziandikwe nakala mbili, majina, sahihi au kidole, na shahidi mmoja. Mwenye simu apige picha pete ikiwa juu ya mizani, namba ionekane. Siku ya kuchukua, pimeni tena kabla ya kulipa. Mteja wa dukani naye adai fakture inayotaja karati na gramu. Neno «bijou» (kito) peke yake halimsaidii kitu.

Sonara naye ana haki zake, na nimesikia masonara wakilalamika kwa sababu ya kweli. Mteja asipolipa kazi iliyokamilika, fundi anaweza kukishika kitu mpaka alipwe. Kukishika, si kukiuza. Wapo mafundi wanaotangaza kwamba baada ya miezi mitatu kisichochukuliwa ni chao. Tangazo hilo halimhamishii mali, hata likiandikwa kwa herufi kubwa ukutani. Na kwa mteja aliyeko kambini, asiyeweza kufika wala kupiga simu, miezi mitatu si kitu. Fundi aliyechoka kulinda vitu vya watu na avipeleke kwa shefu wa kartie, viorodheshwe kwa uzito mbele ya mashahidi, kila kimoja na jina la mwenyewe.

Sehemu ya nne itahusu vitu vilivyowekwa rehani.