Joto la Mombasa: Usingoje Mtoto Aombe Maji

Kila likizo ya Desemba familia nyingi za Nairobi, Nakuru, Eldoret na kwingineko bara huteremka Pwani. Wengine hulala Diani au Mtwapa, wengine kwa jamaa zao, kisha hutenga siku moja ya kuwazungusha watoto mjini Mombasa: Fort Jesus, Mji wa Kale, Pembe za Ndovu, feri ya Likoni, na jioni kupunga upepo Mama Ngina. Ni matembezi mazuri. Hata hivyo, mtoto aliyeamka akiwa mzima aweza kurudi jioni amelegea, anaumwa na kichwa na kutapika. Wazazi husema ni malaria au ni chakula. Yaweza kuwa hivyo, lakini kuna chanzo kingine kinachosahauliwa: joto na upungufu wa maji mwilini.

Mwili hujipoza kwa jasho. Jasho linapokauka juu ya ngozi, huondoka na joto. Mombasa kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, joto la mchana hufika nyuzi 30 na zaidi, na hewa imejaa unyevu. Jasho hutiririka badala ya kukauka, nao mwili haupoi vyema. Mtoto huathirika upesi kuliko mtu mzima kwa sababu ngozi yake ni kubwa ikilinganishwa na uzito wake, hutoa jasho kidogo, na akinogewa na mchezo hakumbuki kunywa. Aidha, mwili uliozoea baridi ya bara huhitaji siku kadhaa, hata wiki mbili, kuzoea joto. Kwa hivyo usipange matembezi marefu siku ya kwanza baada ya kushuka kutoka kwenye gari la moshi au basi.

Mavazi ya mtoto mchanga

Si ajabu kumwona kwenye feri mtoto wa miezi mitatu amevishwa sweta, soksi na kofia ya sufu, kisha akafunikwa shali. Mama anaogopa nimonia. Ni vyema ajue kwamba nimonia huletwa na viini, wala haiji kwa sababu mtoto amevaa nguo nyepesi penye joto. Mvishe pamba nyepesi, isiyozidi unayovaa wewe mwenyewe. Mguse shingo kwa nyuma: ikiwa ni moto na imelowa jasho, mpunguzie nguo. Usimfunike uso kwa leso, kwani hewa haipiti vizuri na joto hujikusanya ndani.

Kinywaji gani?

Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama peke yake, hata kukiwa na joto. Maziwa hayo kwa sehemu kubwa ni maji. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi kuliko kawaida, na wewe mama unywe maji ya kutosha.

Mkubwa wake apewe maji safi, mafunda machache kila dakika 20 anapotembea au kucheza, bila kungoja alalamike kiu. Bebeni maji kutoka nyumbani. Soda isichukue nafasi ya maji kwa kuwa ina sukari nyingi. Dafu ni zuri likikatwa na kunywewa papo hapo. Jihadhari na sharubati za barabarani zilizotiwa barafu ambayo hujui imetengenezwa kwa maji gani. Baridi ya barafu haiui viini vya kuhara.

Panga siku yako

Jua huwa kali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Tembeleeni Fort Jesus na Mji wa Kale asubuhi mapema. Adhuhuri kaeni kivulini, mle na kupumzika. Mama Ngina iwe ya jioni, jua likipungua.

Nawaomba wazazi wenye magari wasimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika tano za kununua kitu dukani. Gari likiwa juani, joto la ndani laweza kupanda kwa nyuzi 10 hivi katika dakika 10 tu, na kuteremsha kioo kidogo hakusaidii sana. Watoto wamekufa kwa njia hii katika nchi nyingi.

Dalili za kuangalia

Mdomo kukauka, mkojo mchache wenye rangi nzito, kulia bila machozi, kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu ni ishara kwamba mtoto amepungukiwa na maji. Mpeleke kivulini, mvue nguo za juu, mpepee, na umnyweshe kidogo kidogo. Akiwa anatapika au kuhara, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, ukichanganya kwa kipimo kilichoandikwa. Pakiti ikikosekana, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita 1 ya maji safi.

Akiwa na joto kali na kuanza kuropokwa, kushikwa na degedege au kuzirai, hiyo ni hatari ya kufa. Mmwagie maji mwilini, mpepee, na mkimbize hospitali huku ukiendelea kumpoza. Usimnyweshe chochote akiwa hana fahamu. Dawa za kuteremsha homa hazifai kitu hapa.

Je, malaria? Viini vyake huchukua wiki moja au zaidi baada ya mtu kuumwa na mbu kabla ya kuleta homa. Aliyefika Pwani jana akitokea mahali pasipo na malaria, homa yake ya leo haikutokana na mbu wa jana usiku. Lakini mtoto yeyote mwenye homa Pwani, au baada ya kurudi bara, apimwe damu kabla ya kupewa dawa.

Mkirudi jioni, kabla watoto hawajalala, muulize kila mmoja alikojoa lini mara ya mwisho. Ambaye hajakojoa tangu adhuhuri, mpe maji na ukae naye mpaka akojoe. Akikataa kunywa, au akitapika kila anachokunywa, usingoje asubuhi kumpeleka kwa daktari.