Nyumba ya Mawe ya Shambani

Katika nchi ya Marekani, jimbo la New York, liko ziwa kubwa liitwalo Ontario. Kusini ya ziwa hilo, karibu na mji wa Rochester, zimesimama mamia ya nyumba za namna ya pekee. Kuta zake zimejengwa kwa mawe madogo ya mviringo, yaliyopangwa safu juu ya safu kama shanga katika uzi. Kila jiwe laweza kushikwa kwa mkono mmoja.

Mawe hayo yalitoka wapi? Zamani sana, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, nchi ile ilifunikwa na barafu nene. Barafu ilisogea pole pole, ikavunja miamba, ikayasukuma na kuyasugua mawe hata pembe zake zikaisha. Ilipoyeyuka, iliyaacha mawe ardhini. Mengine yalisuguliwa tena na mawimbi ya ziwa, yakawa laini kama yai.

Baadaye wakulima wageni walifika katika nchi hiyo ya Waseneca, wakafyeka misitu ili wapande ngano. Mawe yaliwasumbua sana. Yalivunja plau, yakachosha maksai. Kila mwaka wakulima waliyaokota na kuyarundika kandoni mwa mashamba.

Mwaka 1825 mfereji wa Erie, wenye urefu wa kilometa 584, ulimalizika. Mashua zikapeleka ngano na unga mbali, nao wakulima wakapata fedha. Ndipo wengi walipotaka kuacha vibanda vya magogo na kujenga nyumba za kudumu. Nayo mawe yalikuwa tayari, bila kununuliwa!

Lakini jiwe la mviringo ni gumu kujengea, maana huteleza. Fundi alifanyaje? Kwanza mawe yalichaguliwa kwa ukubwa, hata yakalingana. Mawe ya chokaa yalichomwa katika tanuru, yakazimwa kwa maji, yakachanganywa na mchanga. Pembeni mwa nyumba fundi aliweka mawe makubwa yaliyochongwa, ili kuta zishikamane. Kisha alivuta uzi, akapanga mawe madogo mstari mmoja sawasawa. Mawe marefu aliyalaza kuelekea ndani, yashike ukuta kama meno yashikwavyo na ufizi. Nafasi ya ndani aliijaza mawe yasiyo mazuri pamoja na chokaa.

Chokaa hukauka pole pole. Kwa hiyo fundi alijenga safu chache tu, akangoja. Kama angeharakisha, uzito wa juu ungesukuma chokaa mbichi, na ukuta ungeanguka. Wakati wa baridi kali kazi ilisimama, kwa kuwa maji yakiganda huharibu chokaa.

Baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe ya miaka 1861 hadi 1865, karibu hakuna aliyejenga hivyo tena. Matofali na mbao zilikuwa kazi nyepesi zaidi. Nyumba za zamani zilibaki, lakini zilipata adui mwingine: watu waliozitengeneza kwa simenti. Simenti ni ngumu mno. Huzuia maji yasitoke ukutani, na maji hayo yakiganda hupasua ukuta. Chokaa ni laini, huacha ukuta ukauke. Ndiyo maana mafundi wenye akili hutengeneza nyumba hizo kwa chokaa, kama ilivyokuwa mwanzo.

Katika kijiji cha Childs iko shule ya mawe hayo, iliyojengwa mwaka 1849. Watoto walisoma humo hata mwaka 1952, zaidi ya miaka mia moja. Leo wageni huenda kuitazama. Kila jiwe la ukuta wake lilikuwa taabu ya mkulima. Mkono wa fundi mvumilivu ukaligeuza kuwa mali. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali
1. Nani aliyafanya mawe kuwa ya mviringo?
2. Kwa nini fundi hakujenga ukuta wote kwa siku moja?
3. Simenti huharibuje nyumba hizo?