Shimo la Mungu na mawe ya Masasi: Kipato kingine baada ya korosho

MKULIMA wa korosho wa Masasi na Newala hushika fedha za maana mara moja kwa mwaka, minada inapofunguliwa kuanzia Oktoba. Miezi inayobaki ni ya kukopa na kusubiri. Hata hivyo, maeneo hayo yana vivutio visivyohitaji kupuliziwa salfa.

Cha kwanza ni Shimo la Mungu, pembezoni mwa mji wa Newala. Hapo nyanda za juu za Makonde hukatika ghafla, na anayesimama ukingoni huona bonde zima hadi Mto Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Kwa vizazi vingi akina mama waliteremka mabondeni kuteka maji, kwani huku juu ni shida.

Masasi nako kuna milima ya mawe inayouzunguka mji. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alifika hapo na watumwa waliokombolewa kutoka Zanzibar, wakielekea upande wa Ziwa Nyasa, wakaanzisha makazi. Mwaka 1882 yalivamiwa na Wangoni, lakini misheni haikufa. Wilayani Masasi pia ndiko kiliko kijiji cha Lupaso, alikozaliwa Rais Benjamin Mkapa mwaka 1938 na alikozikwa mwaka 2020.

Anayetaka kuvuka mpaka huendelea hadi wilaya jirani ya Nanyumbu, penye Daraja la Umoja lenye urefu wa mita 720, lililofunguliwa mwaka 2010.

Lakini mgeni anayetazama bonde nusu saa na kuondoka haachi hata shilingi. Fedha huachwa na anayelala, anayekula na anayenunua.

Bidhaa ya kwanza ni korosho iliyobanguliwa na kukaangwa. Mnadani bei hupangwa na mnunuzi. Kwenye pakiti hupangwa na muuzaji. Muhimu ni hesabu: kilo moja ya korosho iliyobanguliwa hutokana na kilo nne hadi tano za ghafi. Hivyo bei ya kilo iliyokaangwa lazima ipite bei ya ghafi mara tano, ndipo ziongezwe gharama za kuni, vifungashio na kazi. Asiyefanya hivyo anauza hasara.

Bidhaa ya pili ni kinyago cha mpingo. Vinyago vya Kimakonde vimezoeleka sokoni Mwenge, Dar es Salaam, lakini mgeni hufurahia zaidi kununua mahali anapomwona fundi akichonga.

Ngoma za sindimba na mapiko nazo huvutia. Aidha, yapo mambo ya jando na unyago yasiyo ya kuonyeshwa kila mtu, hivyo wazee waulizwe kwanza, na malipo yakubaliwe kabla ngoma haijapigwa.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Atakayepona ni yule atakayekutwa na kitanda safi, chakula tayari na bidhaa mezani.